Uzi Mwekundu na Palmiye ya Baba

Mimi nauza mimea ya kutazama. Si mboga, si matunda, wala si dawa. Ukitoka Kampemba kuelekea mjini utaikuta imepangwa kando ya barabara, mingine katika mifuko myeusi ya plastiki, mingine katika makopo ya maziwa, na ile ya watu wenye nafasi katika vyungu vya saruji ambavyo mume wangu anavimimina mwenyewe siku za Jumamosi. Zaidi ni palmiye, miti ya jamii ya mnazi na mtende. Ninazo zile nyembamba zinazotoa mashina mengi pamoja, za kuweka kwenye pembe ya sebule, na ninazo zile za kupanda mbele ya nyumba, ambazo mtu mwenye haraka simuuzii.

Wateja wangu wanaua palmiye kwa mapenzi. Wanazinywesha maji asubuhi na jioni mpaka mizizi inaoza. Wanazimwagia mabaki ya chai, na sikukuu ikifika, mabaki ya bia. Wakisikia wakwe wanakuja, wanapaka majani mafuta ya mwili ili yang'ae. Mama mmoja aliniletea ya kwake ndani ya teksi, inang'aa kama bibi harusi, imekufa kitambo. Akaniuliza kama ninaweza kumrudishia nyingine, maana hii ilikuwa na kasoro. Nilimwambia kasoro iko kwenye kichupa cha mafuta.

Wote nawaambia maneno yaleyale. Mwembe ukiukata, unachipua pembeni. Mpera ukiukata, ni kama umeutukana, unajibu kwa matawi mengi zaidi. Palmiye haina pembeni. Ina moyo mmoja tu, juu katikati, na kila jani jipya linatoka humo likiwa limefungwa kama mwavuli. Moyo ule ukifa, mti umekufa, hata kama majani ya chini yatakaa mabichi miezi mingi yakikudanganya. Wanaitikia kwa kichwa, wanalipa, wanaenda kununua mafuta.

Katika lupango yetu, uani nyumbani, kulikuwa na palmiye moja ambayo haikuwa ya kuuzwa. Ilikaa karibu na mlango wa nje, ndani ya nusu ya pipa la chuma, na ilikuwa imeshanipita kimo. Watu waliitaka sana. Kuna bwana mmoja aliyerudi mara nyingi akidhani nakataa ili nipandishe bei. Sikuwa napandisha kitu. Ilikuwa ya baba yangu.

Baba alikuwa mtu wa reli. Tulikulia katika kambi ya wafanyakazi, nyumba za matofali zilizofanana, na ili yetu isifanane na nyingine baba alipanda palmiye mbele ya mlango kabla mimi sijazaliwa. Ilizaa vishada vya matunda ya rangi ya chungwa, madogo, yenye nyuzi nyingi na utamu kidogo, na sisi watoto tuliyatafuna mpaka nyuzi zikakaa kwenye meno. Siku ya Jumapili mama alitusukuma sote kanisani, baba alibaki. Aliipindua baiskeli yake chini ya palmiye, akawasha redio, akatia mnyororo mafuta. Padri alipita siku moja kumuuliza kwa nini haonekani. Baba alimjibu kwa adabu kabisa: “Padri, miye nasali hapa. Huku mahubiri haiko marefu.” Mama hakumsemesha mpaka Jumatano.

Baba alikufa, nyumba ikaenda kwa watu wengine, na siku moja jirani wa zamani akaniambia wanakata ile palmiye, wanajenga maduka. Nilipofika ilikuwa imeshalala chini, shina limekatwa vipande. Vishada vilikuwa vimepondwa na viatu vya mafundi. Nilipiga magoti pale katikati ya vumbi nikaokota matunda mazima, nikayafunga kwenye ncha ya kikwembe changu cha kiunoni. Fundi mmoja aliniuliza kama yanalika. Nilimwambia ndiyo, ukiwa mtoto.

Niliyapanda yote. Mbegu za palmiye hazina huruma, zinakaa ardhini miezi mpaka unasahau kama ulipanda. Iliota moja tu. Jani la kwanza lilikuwa jembamba kama la nyasi, mtu mwingine angeling'oa. Siku ya mazishi ya baba watu walisema mtoto huyu ana moyo mgumu, kwa sababu sikulia sana. Nililia siku ile nilipoona lile jani. Mume wangu alikuja mbio kuniuliza nani amekufa.

Sasa, mama mkwe. Aliishi peke yake Katuba, upande mwingine wa mji, katika nyumba yake mwenyewe, mpaka upepo wa masika ulipobeba mabati ya upande mmoja. Mume wangu alienda kumchukua. Alirudi naye akiwa na godoro, sufuria mbili, sanamu ya Bikira Maria na jembe. Jembe ndilo lililonitia wasiwasi.

Asubuhi ya kwanza aliizunguka lupango nzima, mikono nyuma, akitazama vyungu na mifuko yangu. Halafu akaniuliza: “Na chakula iko wapi?”

Nikamwelezea kwamba hii ninauza, na pesa yake ndiyo inanunua chakula. Alifikiri kidogo. “Muntu anauza muti ya kuangalia, na muntu mwingine ananunua,” alisema. “Dunia imeisha.”

Kabla wiki haijaisha alikuwa amepanda matembele katikati ya vyungu vyangu. Vikwembe vyake alivianika juu ya palmiye zangu. Maji ya bomba kwetu huja yanapotaka, kwa hiyo tunachota kwenye kisima cha jirani, na kila aliponiona namwagilia alihesabu ndoo kwa macho. “Muti hii inakunywa maji kupita bwana yako.” Nami mdomo wangu hauna breki: “Bwana yangu haikalake mu jua, Mama.” Alikunywa chai yake, lakini niliona mabega yanatikisika. Tulipigana hivyo, kwa heshima, kila siku ya Mungu.

Habari ya palmiye ya baba nilimsimulia yote, hata ile ya padri. Tangu hapo aliuita mti wa mpagani. Akiupita kwenda kanisani alikuwa anaukemea kwa jicho.

Ikafika siku ya kuamkia Jumapili ya Matawi. Mimi nilikuwa barabarani na mimea yangu tangu asubuhi. Nilirudi alasiri, miguu inauma, nikamkuta mama mkwe ameketi kwenye mkeka chini ya paa, anasuka misalaba. Anaimba wimbo wa Kiluba, wa kwao kaskazini, taratibu. Mbele yake sinia limejaa misalaba midogo, mizuri, kila mmoja umefungwa katikati kwa fundo dogo bapa, nadhifu. Sikuwahi kumwona ana furaha namna ile tangu afike kwetu.

“Mwanangu,” aliniambia, akiniita kwa mkono nitazame, “kuya umone.”

Hakuwa ameniita mwanangu hata siku moja. Niliweka chini beseni langu, nikachuchumaa, nikashika msalaba mmoja. Nilimsifu, na nilimsifu kwa kweli. Majani yalikuwa laini, meupe yenye umanjano kidogo, kama kiini cha hindi bichi. Ndipo swali likaja lenyewe. Hapa kwetu siku ya Matawi watu wanabeba chochote chenye ubichi: mseprasi, matete, hata tawi la mpera. Jani jeupe huwezi kulipata sokoni. Jani jeupe ni lile ambalo halijafunguka, la ndani, la moyoni.

Niliinua macho kutazama mlangoni. Palmiye ya baba ilikuwa imesimama na majani yake ya zamani, mengine kulia, mengine kushoto, na katikati hamna kitu. Pamekatwa mshazari, chini sana, kwa nguvu. Kisu changu cha kukatia sombe, majani ya muhogo, kilikuwa kimeegemea pipa.

“Kwetu njo tunafanyaka vile,” alisema, maana aliona ninakotazama. “Ile ya katikati njo muzuri. Ya inje inavunjikaka.”

Kwao, ndiyo. Kwao michikichi, ngazi kama tunavyoiita, inajiotea yenyewe mpaka mtu anapotea ndani yake. Ukikata moyo wa mmoja, nani atajua? Hapa kwetu baridi haiipendi ngazi, na mti kama huu ulikuwa mmoja tu, mbegu moja iliyokubali.

Nilisema: “Mama, umemuua baba yangu.”

Alibaki na ukuti mmoja mkononi, ananitazama. Mimi niliingia jikoni. Mtu hamtukani mama mkwe, kwa hiyo nilizungumza na sufuria, na sufuria zilisikia. Bukari ya jioni ile, ugali wetu, niliisonga mpaka mume wangu akachungulia mlangoni akauliza bukari imenikosea nini. Nilimwonyesha kwa mwiko. Alienda kutazama, akarudi, akajipakulia mwenyewe.

Jumapili tulienda kanisani sote. Nilibeba tawi la mseprasi. Akina mama wa parokia walimzunguka mama mkwe wakisifu misalaba yake, kila mmoja akapewa wake, naye hakucheka hata kidogo. Mchana akatundika msalaba juu ya kila mlango wa nyumba, na mmoja juu ya kitanda changu. Niliutoa, nikauweka juu ya kabati. Kesho yake nikaukuta umetundikwa tena. Nikautoa. Ukarudi. Mume wangu aliapa si yeye, na mimi nilijua si yeye, yeye hafiki juu bila kiti na kiti hakikusogea, ila kulikuwa na ufagio mrefu umeegemezwa ukutani. Siku ya tatu niliuacha pale. Nilikuwa nimechoka.

Jumatatu ile alikuja kusimama nyuma yangu wakati natazama jeraha. “Itakufa?” aliniuliza.

Nilimwambia sijui. Nilikuwa na hasira lakini sikutaka kumdanganya. Moyo wa palmiye uko chini kuliko unavyodhani, umefichwa ndani ya mashina ya majani. Kama kisu kimepita juu yake, jani lililokatwa litaendelea kusukuma kutoka chini. Kama kisu kimeugusa, basi. Na huwezi kufungua uangalie, kwa sababu ukifungua ndipo unauua. Unangoja tu.

Nilichukua uzi mwekundu wa sufu, nikaufunga kwenye kile kisiki cha jani, sawasawa na mahali shina la jani la pembeni linapoachana nacho. Nilitumia fundo langu la siku zote, lile la kufungia magunia. Nikamweleza: uzi ukipanda, jani linasukuma, mti uko hai. Uzi ukibaki hapo hapo mpaka majani yanyauke, tumemaliza.

Alitazama uzi. Akasema: “Kama inakufa, miye nitarudia ku Katuba.”

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayetaja bei. Nyumba ya Katuba ilikuwa bado haina mabati upande mmoja, na sisi sote watatu tulijua. Mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinitazama. Mimi niliendelea kukaza fundo.

Mvua zikaisha. Kila asubuhi mama mkwe alitoka na jembe lake akisema anaenda kuangalia matembele, na njia ya kwenda kwenye matembele ikawa inapita kwenye pipa. Mimi nilitazama jioni nikirudi. Uzi ulikuwa palepale. Mwezi wa tano, palepale. Mwezi wa sita baridi ikaingia, ile baridi yetu ya asubuhi inayofanya watu wakae na mbabula ya makaa kati ya miguu, na vumbi jekundu likafunika majani yote. Nilimwambia asikate tamaa kwa sababu ya baridi, palmiye hata nzima zinalala wakati wa baridi. Yeye alisikia neno moja tu katika maneno yale.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango nikakuta palmiye ya baba imevaa blanketi. Lilikuwa blanketi lake mwenyewe, zito, lenye picha ya simba, alilopewa na watoto wake. Alikuwa amelizungusha vizuri na kulifunga kwa kamba, simba anatazama barabara. Watu wanaopita walisimama. Mteja mmoja aliyekuja mpaka nyumbani alimuuliza kwa nini anavalisha miti.

“Iko na baridi,” alisema mama mkwe.

“Na weye, Mama?” nilimuuliza baadaye.

“Miye niko na mafuta ku mwili.”

Hakuwa na mafuta yoyote, alikuwa mifupa mitupu. Alikuwa analala amevaa sweta la mwanawe na vikwembe viwili. Nilitoa blanketi letu nikampa. Mume wangu alinung'unika wiki nzima kwamba katika nyumba hii mti una blanketi na mwenye nyumba hana. Nadhani ni hapo hasira yangu ilipoanza kuyeyuka. Ni vigumu kumkasirikia mtu ambaye kila asubuhi anamvua mti blanketi ili upate jua, na jioni anamvalisha tena.

Lakini uzi haukusogea. Mume wangu alikuwa ametafuta tanki la plastiki la kuwekea maji, ili tupumzike na ndoo za jirani, na mahali pazuri pa kulisimamisha ni karibu na mlango, palipokuwa na pipa. Alisubiri mpaka Jumapili moja baada ya chakula. “Muke wangu,” aliniambia kwa upole, “ile muti ilishakufa. Tusijidanganye.” Majani ya chini yalikuwa yameanza kukauka ncha. Nilijua anasema kile nilichokuwa nakisema mwenyewe kila siku njiani.

Mama mkwe alisimama, akachukua kibao chake cha kukalia, akaenda kukaa kando ya pipa. Akakunja mikono.

“Weka tanki yako pa matembele yangu,” alimwambia mwanawe.

Tulidhani tumesikia vibaya. Matembele yale alikuwa anayamwagilia maji ya kuogea, anayapalilia kwa vidole. Tulikuwa tunayala mara mbili kwa wiki, na kila mara alituuliza kama yana utamu kuliko ya sokoni. Kesho yake aliyang'oa yeye mwenyewe, akatupikia ya mwisho, na tanki likasimama pale. Miti ya kuangalia aliyoicheka ilikuwa imekula shamba lake. Sikumsikia analalamika.

Kisha, mwishoni mwa mwezi wa nane, nilirudi jioni nikakuta uzi umepanda. Upana wa kidole, labda kidogo zaidi. Nilidondosha beseni. Nilimwita kwa sauti ambayo majirani waliisikia, naye akatoka polepole, akajifuta mikono.

“Ah,” alisema, “Mungu ni mukubwa.”

Alisema bila kutazama uzi. Alikuwa ananitazama mimi. Niliinama karibu ili nione vizuri, na hapo nikaona fundo. Halikuwa langu la magunia. Lilikuwa fundo dogo bapa, nadhifu, lile la katikati ya misalaba.

“Mama,” nilimwambia, “hii fundo ni ya nani?”

Alivuta kikwembe chake mabegani, akatazama tanki, akatazama barabara.

“Ulikuwa na huzuni mingi,” alisema. “Na Katuba iko mbali, mwanangu. Kule mvula inaingiaka mu kitanda.”

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kwenye vumbi, na katikati ya kicheko machozi yakaanza kunitoka na sikuyazuia. Miezi yote ile nilidhani mimi ndiye ninayengoja. Kumbe kuna mtu alikuwa anautazama uzi ule akijua kwamba ukikataa kupanda, yeye anafungasha godoro lake, sufuria zake mbili na Bikira Maria wake. Nilikuwa nimemsikia akisema, mwezi wa nne, na niliacha maneno yale yakae hewani mpaka mwezi wa nane.

“Hautarudia ku Katuba,” nilimwambia. “Muti ikufe ao isikufe, hapa ni kwako.”

Alifikiri. “Na matembele?”

“Tutapanda nyuma ya nyumba.”

Alinipa mkono nikasimama. Tulifungua uzi pamoja, tukaurudisha mahali pake pa kweli, chini, palipotuvunja moyo. Nilifunga fundo langu la magunia, naye juu yake akafunga la kwake, ili asiwepo wa kumdanganya mwenzake. Tangu siku ile tulikuwa tunautazama pamoja jioni, yeye kwenye kibao, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa, tukizungumza habari nyingine. Alinisimulia ngazi za kwao na jinsi marehemu mume wake alivyoogopa kuzipanda. Mimi nilimsimulia baiskeli ya baba. Alitaka kujua redio ilikuwa inapiga nyimbo gani.

Mvua ya kwanza ilinyesha ikaondoa vumbi kwenye majani. Ya pili ikafuata. Asubuhi moja alinigongea dirishani kabla sijavaa vizuri.

“Imepanda,” alisema.

“Mama.”

“Ku jina ya Bikira Maria. Kuya umone mafundo.”

Nilitoka hivyo hivyo. Mafundo yote mawili yalikuwa yanakaa pamoja, lake juu ya langu, na uzi ulikuwa umeachana na shina la pembeni kwa upana wa ukucha. Niliweka mkono pale chini ya uzi, kama mtu anavyoshika paji la mtoto aliyekuwa na homa. Mama mkwe alikuwa anasali kwa Kiluba nyuma yangu, haraka haraka, kama anayeogopa ule uzi utabadili nia.

Lile jani liliendelea kusukuma katika mvua zote za mwezi wa kumi na moja, na lilipofunguka lilikuwa kichekesho. Kisu kilikuwa kimelipita likiwa bado limefungwa, kwa hiyo kila ukuti ulitoka umekatwa ncha, sawasawa, kama nywele za mtoto zilizonyolewa na mjomba. Mume wangu alisema tulipeleke kwa kinyozi aliyesomea. Mama mkwe alilizunguka, akagusa zile ncha moja moja.

“Hii njo kisu yangu,” alisema. Aliona haya, na alikuwa anatabasamu.

Jani lililofuata lilitoka zima, na lililofuata hilo pia. Tuliutoa mti kwenye pipa kabla ya Krismasi, tukaupanda ardhini karibu na mlango. Yeye ndiye aliyechimba shimo, kwa lile jembe lake. Nilitaka kumsaidia akanifukuza.

Ikakaribia Kwaresima. Kanisani walitangaza, kama kila mwaka, watu warudishe matawi yaliyobarikiwa mwaka uliopita yachomwe kwa ajili ya Jumatano ya Majivu. Mama mkwe alipita nyumba nzima na kikapu, akitungua misalaba mlango kwa mlango. Ilikuwa imekauka, imegeuka rangi ya chai. Alipofika chumbani kwangu nilikuwa nimesimama mbele ya kitanda.

“Huu ubaki, Mama.”

“Kitu ya baraka haibakiake kukuliwa na mende,” alisema. “Inachomwaka.”

“Baba yangu hakupenda kanisa.”

“Njo ataenda sasa.”

Nilimtazama, na yeye hakupepesa macho. Mwaka mzima nilikuwa nimeushikilia ule msalaba bila kujua, nikidhani labda ndicho kipande cha mwisho cha mti ule. Lakini mti ulikuwa nje pale, mzima, umelewa mvua, na jani lake la kuchekesha linapepea. Niliutungua mwenyewe nikautia kwenye kikapu.

Jumatano tulienda misa ya asubuhi, kabla sijapeleka mimea barabarani. Foleni ilikuwa ndefu mpaka nje. Padri alitumbukiza kidole gumba katika kisahani, akamchora mama mkwe msalaba wa majivu kwenye paji la uso, katikati ya makunyanzi, halafu mimi, halafu mume wangu. Majivu yalikuwa makavu, ya baridi kidogo. Mengine yalinidondokea puani.

Nje, mama mkwe alinigeukia. Alinichunguza uso kwa muda.

“Baba yako ameingia kanisani,” alisema.

“Na mahubiri yalikuwa marefu,” nilimjibu.

Alicheka, mkono mdomoni, kwa sababu ilikuwa siku ya kufunga. Watu walikuwa wanatoka wakitupita: akina mama wa parokia waliopewa misalaba yake, wanafunzi katika sare, mzee mmoja anasukuma baiskeli. Majivu yalikuwa yamechanganyika, ya kwetu na ya wengine, hakuna wa kuyatenganisha. Wote wale walikuwa wanambeba baba yangu kidogo kidogo kwenye paji la uso, wanaenda naye sokoni na kazini, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi. Mama mkwe alinishika mkono tukavuka barabara. Siku ile nyumbani kwetu hakuna aliyenawa uso mpaka usingizi ulipotuchukua.